Taa za AUTO zinawaka mchana kweupe au zinagoma usiku? Kabla hujanunua sensa soma hapa

Unatembea zako Bagamoyo Road saa saba mchana, jua linachoma, kila gari unayopishana nayo dereva anakufumbia na kukufumbulia vidole, taa taa taa, we ukiangalia swichi iko AUTO (ile ya taa kujiwasha na kujizima zenyewe) na hujagusa kitu. Au kinyume chake, giza limeingia unashangaa mbona leo barabara siioni vizuri, kumbe AUTO imegoma na umetoka Mwenge mpaka Tegeta bila taa. Hizo mbili ndo kesi zinazokuja sana, na mteja akifika anakuwa ameshajipa jibu kabisa, "fundi sensa imekufa, nimeshaulizia bei". Mi nafanya umeme wa magari na kwa niliyoyaona sensa ya mwanga kufa yenyewe ni nadra kuliko watu wanavyodhani. Mara nyingi sensa inasema ukweli mtupu, sema hamna anayejisumbua kuangalia imeona nini.

Inavyofanya kazi, kwa kifupi tu ili tuelewane huko mbele. Juu ya dashibodi karibu na kioo cha mbele, au kwenye kioo chenyewe nyuma ya kioo cha kuangalizia nyuma, kuna kidude kina kifuniko cheusi au cha kama moshi hivi. Ndani yake kuna fotodayodi au ndugu yake fototransista, kikipigwa na mwanga kinapitisha umeme zaidi, mwanga ukipungua kinapitisha kidogo. Taarifa hiyo inakwenda kwenye kontroli boksi ya bodi, yani kompyuta inayosimamia taa, milango na vitu kama hivyo, na boksi ndo inaamua kuwasha rilei ya taa (swichi inayoendeshwa na umeme). Sensa yenyewe haiwashi taa hata siku moja, inatoa taarifa tu, hilo likae kichwani maana ndo linatenganisha matatizo yote yanayofuata.

Kitu cha kwanza kabisa, hakikisha gari yako inayo hiyo sensa. Usicheke, hii imeshakula hela za watu. Gari nyingi za Japani zenye AC ya otomatiki zina kinundu juu ya dashibodi, ni sensa ya jua ya AC, inasaidia AC ijue jua linapiga kiasi gani, haina habari na taa. Kwenye baadhi ya gari vyote viwili vimewekwa ndani ya kinundu kimoja, kwenye nyingine kuna cha AC tu. Angalia mkono wa indiketa, au kitufe cha kuzungusha cha taa kwenye dashibodi kwa gari zinazotumia hicho, kama hakuna maandishi AUTO pale kwenye mzunguko wa taa basi gari haikuja na huo mfumo, funga mada. Na kuna wanaonunua mkono wa used wenye AUTO wanaufunga kwenye gari isiyo na sensa alafu wanasubiri muujiza. Hauji.

Taa zinawaka mchana kwenye AUTO

Swali la kwanza, umesimama wapi? Jua la mchana huku kwetu linafika kwenye laki moja lux (lux ni kipimo cha mwanga), siku ya mawingu mazito unaweza kupata kama elfu kumi, ofisi yenye taa nzuri ni kama mia tano tu. Jicho lako linajirekebisha ndo maana ndani ya ofisi huoni kama ni giza, ila sensa haidanganyiki. Kanuni ya kimataifa inayofuatwa na watengenezaji wengi inasema mwanga wa nje ukishuka chini ya lux 1000 taa ziwake ndani ya sekunde 2, ukipita 7000 zizime, lakini si papo hapo, zinapewa kuanzia sekunde 5 mpaka 300. Hapo katikati kila kampuni inajiamulia. Sasa chukua gari iliyoingizwa gereji chini ya mabati, fundi anawasha swichi ya ufunguo, anaona taa zinawaka mchana, anasema "unaona, sensa imekufa". Chini ya mabati mara nyingi lux 1000 hazifiki bana! Taa zimefanya kazi yake. Itoe gari nje juani, subiri dakika tano nzima, ndo uanze kuongea.

Na kama una gari mpya mpya ya Japani kuna jingine. Japani walilazimisha auto light kwenye modeli mpya za gari ndogo toka Aprili 2020 na kwa modeli zilizokuwa tayari sokoni toka Oktoba 2021, na kwenye gari hizo usiku ikiwa inatembea dereva hawezi kuzima taa kubwa. Utakuta mkono hauna hata OFF ya kawaida, unausukuma unarudi wenyewe AUTO. Huo si ubovu, usimpe fundi akukatie waya.

Haya, umetoka juani na bado zinawaka. Angalia juu ya dashibodi kuna nini. Niliwahi kuletewa gari na mama mmoja, taa zinawaka saa zote, ameshazunguka kwa mafundi wawili, wa kwanza kabadilisha rilei, wa pili kamwambia aagize sensa. Nikafungua mlango nakuta dashibodi imevalishwa kapeti la manyoya lile zito, limetandikwa mpaka kwenye kioo. Nikalikunja, nikamwambia mama tusubiri kidogo, tumekaa hata dakika haijaisha taa zikazima. Akaniangalia, "Mwanangu, yani ni hili kapeti?" Ni hilo kapeti mama. Alikuwa amelinunua wiki hiyohiyo tatizo lilipoanza ila hakuna aliyemuuliza. Kwahiyo uliza: nini kimebadilika? Kapeti, boksi la tishu, stika iliyobandikwa juu ya sensa, tinti ya ile bendi ya juu ya kioo iliyoshushwa sana, vumbi lililochanganyika na ile dawa ya kung'arisha dashibodi likafanya utando. Futa kifuniko na kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, petroli na thina weka mbali, vinafubaza plastiki na hapo ndo utakuwa umeiua kweli.

Kama juu pako wazi na pasafi basi tunahamia kwenye waya. Boksi nyingi zikikosa taarifa ya sensa zinachagua usalama, zinawasha taa, zinaona bora uchekwe mchana kuliko ugonge mtu usiku. Kwahiyo taa kuwaka muda wote inaweza kumaanisha waya umekatika au soketi imechomoka, na soketi huwa haichomoki yenyewe, kuna mtu alifungua dashibodi. Redio mpya ya skrini kubwa, kufunga alam, kubadilisha kava la dashibodi lililopasuka jua. Ukisikia jibu ni "ndiyo niliweka redio mwezi uliopita" anzia hapo.

Haziwaki usiku kwenye AUTO

Hapa jaribio la kwanza ni la bure, zungushia mkono kwenye taa za kawaida. Zikigoma na hapo basi sahau mambo ya sensa, nenda kwenye fyuzi, rilei, balbu, waya wa ethi wa taa (ule unaorudisha umeme kwenye negative). Zikiwaka za kawaida na AUTO hamna, ndo tunabaki kwenye huu mfumo.

Wengi wanajaribu mchana kwa kufunika sensa na kidole gumba. Haitoshi, mwanga unaingia pembeni. Tumia kitambaa cheusi kilichokunjwa mara mbili tatu au selotepu nyeusi ya umeme, gari iwe swichi on (ufunguo ON), mkono AUTO, hesabu mpaka ishirini. Zikiwaka, mfumo mzima ni mzima na kinachokusumbua ni seti ya unyeti, yani mwanga ushuke kiasi gani ndo taa ziwake. Toyota zina ngazi tano za hiyo seti, mbili za upande wa kuwahi kuwasha, ya kawaida katikati, mbili za kuchelewa, inabadilishwa na mashine ya kampuni yao, na gari za mtumba unaweza kuikuta imeachwa na mmiliki wa kwanza huko Japani kwenye ya kuchelewa kabisa. Hapo ni dakika kumi za laptopu, hamna spea.

Kinyume cha jaribio, yani kuimulika sensa usiku na tochi ya simu uone kama taa zitazima, mi siliamini sana. Sensa nyingine zinasikia zaidi mwanga wa infraredi (usioonekana kwa macho) ambao jua na balbu za halojeni wanao mwingi na LED ya simu karibu haina kabisa, kwahiyo unamulika mpaka chaji inaisha na sensa haijali, alafu unaihukumu bure.

Umefunika vizuri na bado hamna? Zimebaki tatu: mkono hauipi boksi taarifa kuwa uko AUTO, sensa au waya wake, au boksi yenyewe. Mkono ndo unaosahaulika. Kontakti za ndani zinalika, ukiuzungusha AUTO unaweza kuona taa zinawaka ukiusukuma kidogo pembeni zinazima. Mashine ya kupima ikiwa na data za moja kwa moja itakuonyesha swichi ya AUTO ON au OFF, ukizungusha na haibadiliki tatizo liko mkononi mwako, literali.

Kupima na mashine, na ujanja wa vidude vya bluetooth

Kile kidude cha bei chee unachochomeka chini ya usukani alafu unasoma kwenye simu, kinasoma zaidi kodi za injini (namba za hitilafu) zinazoanza na P. Kodi ya taa inakaa kwenye boksi ya bodi na inaanza na B. Mteja anakuja na simu, "fundi haina kodi yoyote", wakati ukiingia na mashine yenye uwezo wa kuingia boksi ya bodi unaikuta imetulia. Kwenye Toyota na Lexus nyingi ni B1244, maana yake saketi ya sensa ya mwanga. Kwenye gari za GM kama Chevrolet utakuta B2645. Na kodi haisemi sensa imekufa, inasema SAKETI, yani sensa, waya, soketi au boksi, hapo ndo watu wanapopigwa. Andika kodi pembeni, ifute, izungushe gari, uone kama inarudi. Ikirudi papo hapo ukiwasha swichi mara nyingi ni waya uliokatika au shoti, ikirudi baada ya kupiga matuta ya Goba mara nyingi ni soketi iliyolegea.

Multimita sasa (kile kipima voti na ohm)

Hapa ndo mchele wenyewe. Toa kifuniko taratibu na kisu cha plastiki, hizi dashibodi zimepikwa na jua miaka kumi, klipu zinavunjika kama biskuti. Kama itabidi ufungue dashibodi zaidi ya hapo, pale penye eabegi, toa negative ya betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla hujagusa soketi yoyote ya njano. Usilete haraka hapo.

Hesabu waya. Huo ndo uamuzi wa kwanza.

Waya tatu juu ya dashibodi, mfano Toyota: mmoja umeme, mmoja taarifa, mmoja ethi, kwenye michoro yao utaona CLTB, CLTS na CLTE. Soketi ikiwa imechomekwa, ingiza pini nyembamba kwa nyuma pale waya unapoingilia (usitoboe waya, maji ya chumvi ya pwani yatakula shaba kimya kimya), swichi on, mkono AUTO. Umeme na ethi unatakiwa kuona karibu na voti za betri. Hamna kitu? Hamishia waya mweusi wa multimita kwenye negative ya betri, voti zikija ethi ndo mbovu, zisipokuja umeme haufiki. Ethi ipime na mzigo, kati ya pini ya ethi na negative ya betri isizidi 0.1V hivi, ohm peke yake inaweza kukudanganya maana waya uliobakiza uzi mmoja utasoma vizuri tu. Sasa waya wa taarifa kwenye hizi Toyota unatoa palsi (umeme unaokatika na kurudi haraka haraka), si voti iliyotulia, kwahiyo multimita kwenye voti itakupa namba ya katikati isiyoeleweka. Weka kwenye Hz (idadi ya palsi kwa sekunde) kama yako inayo, funika na funua sensa, namba lazima ibadilike. Ikibadilika sensa ni nzima, fuata waya kuelekea kwenye boksi. Umeme upo, ethi ipo, na taarifa imelala haitikisiki hata ukiimulika na balbu ya halojeni, hapo ndo kwa mara ya kwanza naruhusu mtu aseme sensa imekufa.

Waya mbili, zipo kwenye gari nyingi za Kimarekani: boksi inatuma 5V kupitia rezista yake ya ndani na sensa inazivuta chini mwanga ukiwepo. Chomoa soketi, pima, unatakiwa kuona karibu na 5V. Sifuri maana yake waya umekatika au umegusa bodi, 12V maana yake umegusa waya wa umeme mahali. Ukichomeka, juani zishuke, ukifunika zipande. Namba kamili zinatofautiana gari na gari, we unachotafuta ni mabadiliko. Na tafadhali ile taa ya kupimia ya balbu, ile ya kuchomeka ncha na klipu, usiilete kwenye waya wa 5V, inavuta umeme mwingi kuliko boksi inavyoweza kutoa na utanunua boksi kwa tatizo la soketi.

Na kupima sensa yenyewe kwa ohm uache. Ndani kuna elektroniki, namba utakayoipata haina maana yoyote. Labda vile vikiti vya kuongezea vyenye LDR ya kawaida (rezista inayobadilika na mwanga), hivyo ohm zinashuka kwenye mwanga na kupanda gizani, hapo sawa.

Ya tatu ni ile ya kwenye kioo, Volkswagen, Audi, BMW, Mercedes na wenzao, sensa ya mvua na mwanga pamoja. Hiyo inaongea kwa LIN, laini moja ya data. Umeme, ethi, na LIN ambayo ikiwa hai multimita inaonyesha pungufu kidogo ya betri na namba inachezacheza. Ikiwa sifuri kabisa kuna shoti, na shoti ya LIN haiumizi taa peke yake, vitu vingine vilivyo kwenye laini hiyohiyo navyo vinazima. Ila kabla ya yote hayo uliza kama kioo cha mbele kimebadilishwa. Sensa hii inabanwa kwenye kioo na kipande cha jeli, ukibandua na kurudisha jeli ileile iliyochafuka vinabaki viputo vya hewa, basi waipa zinajipigia kwenye ukavu na taa zinawaka zinavyotaka. Dalili mbili kwa pamoja, waipa na taa, nenda kwenye jeli moja kwa moja. Au walikuwekea kioo cha gari isiyo na sensa, hakina lile dirisha la wazi, sensa inachungulia kwenye rangi nyeusi.

Zinawaka na kuzima zenyewe barabarani

Ukipita chini ya miembe iliyobanana au daraja, kawaida, ndo kazi yake. Zikiwaka kila ukiwasha waipa, gari nyingi zimetengenezwa hivyo makusudi. Lakini zikipepesa kama disko juani, tikisa waya nyuma ya sensa huku mwenzako anaangalia taa, alafu tikisa na soketi za boksi ya bodi, Toyota nyingi iko nyuma ya boksi la fyuzi upande wa dereva. Hapo chini ndo maji yanapoishia kama kioo kinavuja au gari iliwahi kuingia kwenye mafuriko, utakuta pini zina kutu ya kijani. Safisha na dawa ya kontakti, kausha, na uzibe panapovuja, la sivyo masika ijayo tunaonana tena. Kama zilianza kupepesa baada ya kufunga xenon au LED za mtaani, rudisha balbu za zamani kwa siku moja tu uone, kabla hujapima chochote.

Hazizimi ukishazima gari

Hii karibu kila mara si sensa. Kwenye Toyota nyingi taa zinazima pale unapozima swichi NA kufungua mlango wa dereva. Swichi ya mlango ikifa, boksi inadhani bado umekaa ndani, taa zinabaki, asubuhi betri imelala. Fungua mlango uone kama taa ya ndani inawaka na alama ya mlango kwenye dashibodi inakuja. Haiji? Skrubu moja, swichi mpya, bei ya chipsi mayai na soda.

Ukifika mpaka kununua sensa kweli, used ya Gerezani au ya Kirinyaga Road kwa wa Nairobi inafaa kabisa, hiki kitu hakina cha kuchakaa. Ila nenda na ya zamani mkononi, linganisha namba iliyochapwa mgongoni, usiangalie umbo, maana ya AC na ya taa na ile ya vyote viwili zinafanana kama mapacha na soketi inaweza hata kuingia. Mwambie muuzaji, kaka naichomeka kwanza ndo nilipe, gari iwe nje juani, kitambaa cheusi kikiwa mfukoni. Alafu futa kodi, na jioni hiyo kwenye saa kumi na mbili na nusu kaa nayo barabarani uone inawasha lini, siyo pale gereji chini ya mabati.